Kifaru cha Kuunganisha: Je, Skeli Iliyoandikwa Ndiyo Iliyomo?

Ndugu mlaji, katika masomo yaliyotangulia tumezungumzia mizani ya dukani, pampu ya mafuta na ujazo wa chupa. Katika somo hili tunageukia bidhaa ambayo wengi huiona kuwa ni ya watoto tu, nayo ni seti ya plastiki ya kuunganisha mfano wa kifaru cha vita. Seti hizi huuzwa katika baadhi ya maduka ya Dar es Salaam, na siku hizi huagizwa pia kwa njia ya mtandao na kumfikia mnunuzi alipo, awe Kariakoo au Makurunge. Juu ya kila kasha huandikwa mambo mawili yanayombeba mnunuzi: jina la kifaru na skeli yake. Mambo hayo mawili ni ahadi, na ahadi ya muuzaji hupimika.

Wakala wa Vipimo huhakiki mizani na pampu, lakini hakuna mkaguzi apitaye na muhuri juu ya kila kifaru cha plastiki. Hivyo mkaguzi wa kwanza wa bidhaa hii ni wewe mwenyewe. Vifaa unavyohitaji ni rula yenye milimita, karatasi, kalamu na hesabu ya kugawanya.

Mfano wa kuanzia

Tuchukue mfano wa kufikirika, ili somo lipate mahali pa kusimama. Mama mmoja wa Makurunge, Wilaya ya Bagamoyo, ana baba aliyekuwa askari katika vita vya Kagera. Mzee huyo humsimulia mjukuu wake habari za vifaru, na mjukuu huuliza: "Babu, kilikuwa kikubwa kama nini?" Mama akaamua kuagiza seti ya kuunganisha ili babu na mjukuu waijenge pamoja. Juu ya kasha paliandikwa "Type 59" na "1/35". Alilipa shilingi 180,000, fedha aliyoiweka akiba kidogo kidogo.

Mzee alipokitazama kifaru kilichokamilika alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, ahsante. Kimefanana, lakini si chetu."

Je, mzee alikuwa sahihi, au kumbukumbu imechakaa kwa umri? Na kama alikuwa sahihi, mama angewezaje kulijua hilo kabla gundi haijakauka? Hayo ndiyo maswali ya somo hili.

Skeli ni nini?

Skeli ni uwiano kati ya kipimo cha mfano na kipimo cha kitu halisi. Wengi wetu tumeikuta kwenye ramani. Katika ramani ya 1:50,000, sentimita moja ya karatasi ni mita 500 za ardhi. Fundi mwashi anayesoma ramani ya nyumba ya 1:100 anajua kuwa sentimita tatu za karatasi ni ukuta wa mita tatu. Kwa mfano wa kifaru mambo ni hayo hayo: skeli ya 1/35 maana yake ni kwamba milimita moja ya plastiki inasimama badala ya milimita 35 za chuma.

Skeli zinazoonekana zaidi kwa vifaru ni 1/35, 1/48 na 1/72. Kadiri namba ya chini inavyokuwa kubwa, ndivyo mfano unavyokuwa mdogo. Wanunuzi wengi hukosea hapa, wakadhani 1/72 ni kubwa kuliko 1/35 kwa kuwa 72 ni kubwa kuliko 35. Kifaru cha 1/72 kina urefu usiofikia nusu ya kile cha 1/35.

Skeli ya 1/35 haikutokana na kanuni yoyote ya vipimo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitengeneza mfano wa kifaru cha Kijerumani kiitwacho Panther, chenye mota ndogo ndani yake. Ukubwa wa mfano ulichaguliwa ili mota na betri zipate nafasi, na uwiano ukaangukia karibu na 1/35. Watengenezaji wengine wakafuata. Kuna funzo katika historia hiyo: mtengenezaji anaweza kuwa na sababu zake za ukubwa wa bidhaa, zisizohusiana na usahihi. Baadhi ya seti za zamani zilipanuliwa kiwiliwili ili kumeza mota, na upana wake haulingani na urefu wake hata leo.

Hatua ya kwanza: Pata vipimo vya kitu halisi

Huwezi kuupima mfano bila kujua kipimo cha asili. Type 59 ni kifaru cha China kilichotokana na T-54A ya Umoja wa Kisovieti. Tanzania ilivipata vifaru vya aina hiyo kutoka China, na vilikuwamo katika jeshi letu wakati wa vita vya mwaka 1978 na 1979. Vipimo vyake, kwa kadiri vinavyotajwa katika vitabu, ni hivi:

Urefu wa kiwiliwili bila mtutu: mita 6.04.
Urefu pamoja na mtutu ulioelekezwa mbele: takriban mita 9.
Upana: mita 3.27.
Kimo: takriban mita 2.59.
Tundu la mtutu: milimita 100.
Kipenyo cha gurudumu kubwa la barabarani: takriban milimita 810.

Tahadhari mbili zinahitajika hapa. Kwanza, vitabu hutofautiana kidogo. Kimoja huhesabu vikinga-tope vya mbele na nyuma, kingine huviacha. Kimoja hupima kimo hadi juu ya bunduki ya rashasha, kingine huishia kwenye paa. Tafuta walau vitabu viwili, na usome maelezo yaliyo chini ya namba. Upana ndio kipimo chenye ubishi mdogo zaidi, hivyo anza nao. Pili, usijaribu kupima au kupiga picha kifaru kilicho katika eneo la jeshi. Penye kifaru cha maonesho, omba kwanza ruhusa ya wahusika.

Hatua ya pili: Pima mfano

Pima vipande vikiwa bado kwenye fremu zake za plastiki, kabla hujakata wala kugusa gundi. Vipande vya chini na vya juu vya kiwiliwili huwa vikubwa na rahisi kupimika. Pima mara tatu, kisha chukua namba ya katikati. Andika kwa milimita, si kwa sentimita, maana hesabu itakuwa nyepesi.

Anza na vipande virefu. Sababu yake ni hii: jicho la kawaida likisoma rula hukosea kama nusu milimita. Nusu milimita katika urefu wa milimita 172 ni kosa la chini ya asilimia moja. Nusu milimita hiyo hiyo katika gurudumu la milimita 20 ni asilimia mbili na nusu. Kipande kidogo hukuza kosa la mpimaji, na mlaji mwenye haraka anaweza kumtuhumu muuzaji kwa kosa la rula yake mwenyewe.

Hatua ya tatu: Gawanya

Chukua kipimo cha kifaru halisi kwa milimita, ugawe kwa kipimo cha mfano kwa milimita. Jibu ndilo skeli ya kweli.

Mama wa Makurunge angefanya hivi. Upana wa kifaru halisi ni milimita 3,270. Upana wa mfano wake ulikuwa milimita 82. Kugawanya 3,270 kwa 82 ni 39.9. Urefu wa kiwiliwili halisi ni milimita 6,040. Mfano ulikuwa milimita 151. Kugawanya 6,040 kwa 151 ni 40. Gurudumu halisi ni milimita 810. La mfano lilikuwa milimita 20. Kugawanya 810 kwa 20 ni 40.5, tofauti ndogo inayoelezeka kwa kosa la kusoma rula.

Vipimo vitatu vinasema neno moja. Seti hii ni ya 1/40, wala si ya 1/35 iliyoandikwa juu ya kasha. Kwa 1/35 ya kweli, upana ungekuwa takriban milimita 93 na urefu wa kiwiliwili takriban milimita 173.

Je, tofauti ya 35 na 40 ni kubwa? Kwa urefu, mama amepungukiwa sehemu moja katika kila sehemu nane. Lakini mfano una urefu, upana na kimo, na upungufu huingia pande zote tatu. Ukizidisha pande hizo, ujazo wa mfano aliopata ni takriban theluthi mbili tu ya ule aliolipia. Theluthi nzima haimo ndani ya kasha. Aidha, kifaru hicho hakitalingana na askari wala gari jingine la 1/35 litakalowekwa kando yake, na mjukuu aliyeuliza "kilikuwa kikubwa kama nini" atapewa jibu lisilo la kweli.

Hatua ya nne: Linganisha majibu

Usiridhike na kipimo kimoja. Mfano mzuri hutoa namba ile ile, au iliyo karibu sana, kwa urefu, upana na kimo. Majibu yakikubaliana lakini yakatofautiana na kasha, kama ilivyo kwa mama wetu, tatizo ni maandishi: umbo ni sawa, skeli si sawa. Majibu yakipingana yenyewe kwa yenyewe, tuseme 35 kwa urefu na 32 kwa upana, tatizo ni umbo: kifaru kimetanuliwa au kimebanwa. Kasoro ya kwanza hurekebishwa kwa kubandika maandishi sahihi na bei sahihi. Kasoro ya pili haina dawa.

Hapa panahitajika pia haki kwa muuzaji. Mlaji akichukua urefu wa mita 9, ambao ni pamoja na mtutu, akaugawanya kwa urefu wa kiwiliwili cha mfano wa 1/35 ulio sahihi kabisa, atapata 52 na kupiga kelele za kuibiwa. Hakuibiwa, amelinganisha vitu viwili tofauti. Hakikisha kila mara kwamba unachopima kwenye mfano ndicho kilichopimwa kwenye kitabu.

Vilevile, usidai kisichowezekana. Bati la kikinga-tope lenye unene wa milimita 2 lingepaswa kuwa na unene wa takriban milimita 0.06 kwa skeli ya 1/35, wembamba ambao plastiki ya kumimina kwenye kalibu haiufikii. Vipande vyembamba huwa vinene kupita skeli katika karibu kila seti, na huo si udanganyifu. Kwa ushauri wetu, tofauti ya milimita moja au mbili katika urefu wote wa mfano wa 1/35 ivumiliwe. Tofauti inayozidi asilimia tano ni halali kuiulizia.

Hatua ya tano: Hakikisha jina

Skeli ikiwa sahihi, bado jina linaweza kuwa la uongo. Type 59, T-54 na T-55 ni ndugu wa ukoo mmoja, na kwa mbali hufanana sana. Vyote vina magurudumu makubwa matano kila upande, na pengo kati ya gurudumu la kwanza na la pili ni pana kuliko mapengo mengine. Ukikuta mapengo yote yako sawa, au pengo pana liko nyuma, mfano huo si wa ukoo huu.

Ili kuwatenganisha ndugu hao, tazama kichwa kinachozunguka. T-54 na Type 59 zina kifuniko cha feni ya hewa juu ya paa la kichwa, upande wa kulia, chenye umbo la uyoga. T-55 haina uyoga huo. Tazama pia bamba la mbele la kiwiliwili: Type 59 ina tundu dogo katikati kwa ajili ya bunduki ya rashasha.

Katika mfano wetu, mama angeangalia paa na kukuta ni tupu, bila uyoga. Kasha lilisema Type 59. Plastiki ilisema T-55. Wala si jambo dogo. Katika vita vya Kagera, upande wa pili ulitumia vifaru vya familia ya T-54 na T-55. Mzee aliletewa, kwa jina la kifaru cha jeshi lake, umbo la kifaru ambacho huenda alikabiliana nacho. Aliposema "si chetu", macho yake yalikuwa sahihi kuliko kasha.

Hatutaki kuikuza plastiki kupita kiasi. Hata hivyo, watoto waliozaliwa miongo kadhaa baada ya Aprili 1979, Kampala ilipoangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda, hawana njia nyingi za kukiona kile ambacho babu zao walikiona. Kitu kinachouzwa kwa jina la historia kinapaswa kuwa kile kilichotajwa.

Picha ya juu ya kasha si ushahidi

Picha nzuri iliyochorwa juu ya kasha ni ya kuvutia mnunuzi. Mara nyingi msanii huchora kifaru halisi kutoka kwenye picha, si mfano uliomo. Kabla ya kununua, omba kuoneshwa fremu za vipande au picha zake. Kwa manunuzi ya mtandaoni, mwandikie muuzaji swali moja tu: "Kiwiliwili kina upana wa milimita ngapi?" Muuzaji mkweli atapima na kujibu. Anayejibu kwa kurudia yaliyoandikwa kwenye kasha hajakujibu. Hifadhi mazungumzo hayo, kwa maana ni sehemu ya mkataba wenu.

Ufanye nini ukikuta kasoro?

Kwanza, simama hapo ulipo. Usikate, usigundishe, usipake rangi. Bidhaa iliyokwisha kuunganishwa ni ngumu kurudishwa.

Pili, andaa ushahidi: risiti ya kielektroniki, picha ya maandishi ya kasha, na picha ya kipande kikiwa kando ya rula. Andika hesabu yako kwa mistari mitatu au minne, kama tulivyoifanya hapo juu. Malalamiko yenye namba husikilizwa upesi kuliko malalamiko yenye hasira.

Tatu, nenda kwa muuzaji kwanza, kwa heshima. Mara nyingi yeye naye aliletewa kasha kama lilivyo. Omba abadilishe bidhaa, arudishe fedha au apunguze bei, kulingana na kasoro.

Nne, akikataa, elewa kwamba sheria iko upande wako. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye dhamana ya kuisimamia. Peleka malalamiko yako kwa maandishi pamoja na vielelezo.

Neno la usalama kwa wazazi: vipande vidogo vya seti hizi havifai kuwa karibu na mtoto wa chini ya miaka mitatu, maana humezwa. Gundi na rangi zake zitumike penye hewa ya kutosha, mbali na jiko.

Zoezi la nyumbani

1. Kasha limeandikwa Type 59, 1/72. Upana wa mfano ni milimita 45, urefu wa kiwiliwili ni milimita 84. Je, skeli ni ya kweli?

2. Kasha limeandikwa Type 59, 1/48. Upana ni milimita 68, urefu pamoja na mtutu ni milimita 188, kimo ni milimita 60. Unasemaje?

Majibu: Katika swali la kwanza, upana unatoa 72.7 na urefu unatoa 71.9. Skeli ni ya kweli. Tofauti iliyopo ni ya rula. Katika swali la pili, upana unatoa 48.1 na urefu unatoa 47.9, lakini kimo kinatoa 43.2. Usikimbilie kulalamika. Rudia kupima kimo, ukiangalia kama ulihesabu bunduki iliyo juu ya paa. Ukiipata namba ile ile bila bunduki, mfano umezidi kimo, na una haki ya kuuliza.

Kwa kuhitimisha

Pata kipimo cha asili, pima plastiki, gawanya, linganisha majibu, kisha hakikisha jina. Hatua hizo tano hazimalizi nusu saa, nazo hufaa kwa mfano wa jahazi, wa ndege au wa nyumba kama zifaavyo kwa kifaru. Mama wa mfano wetu angezifuata jioni ile kasha lilipofika, angelirudisha likiwa zima, na fedha yake ingenunua kile alichokikusudia: kifaru ambacho babu angekiweka mezani na kumwambia mjukuu, bila kusitasita, "Hiki ndicho."